Usitume hela ya "namba moja" kabla hujauona ukurasa wenyewe

Mkuu umeuliza ukurasa wa matokeo ya Google umepangwaje na kichwa cha makala kiwe na herufi ngapi, halafu mwishoni kabisa ndo unataja kuna jamaa unataka kumlipa aifikishe saiti yako namba moja Google. Hapo hapo simama, usitume hela.

Mimi nilimlipa wa aina hiyo miezi nane. Nilikuwa na saiti ya kubadili vipimo, jamaa akaniambia neno "inchi kwenda sentimita", yaani kile watu wanachoandika Google, linatafutwa sana, tukilishika hilo umetoka. Na kweli tukalishika, kila wiki ripoti inakuja namba moja, namba moja, nikifungua takwimu za saiti watu hawaingii, nikadhani kaunta imeharibika. Siku nimechukua simu nikatafuta mwenyewe ndo nikaona: juu kabisa Google wameweka kikokotoo chao, unaandika inchi 1 hapo hapo inakupa sentimita 2.54, mtu anaondoka zake. Chini yake yale maswali yanayofunguka ukibonyeza. Halafu ndo mimi, namba moja wa huko chini. Na kile kikokotoo kilikuwepo siku ananiuzia lile neno! Alikiona akanyamaza, maana mkataba ulisema namba, haukusema watu wanaoingia kwenye saiti. Inaniuma mpaka leo.

Namba moja ni wa kwanza kwenye matokeo yasiyolipiwa, basi. Juu yako yanaweza kukaa matangazo hadi manne, toka 2016 walipoyatoa pembeni kulia kwenye kompyuta, neno likiwa la huduma inashuka ramani na biashara zake tatu, na toka 2024 kuna muhtasari wa AI, yaani jibu ambalo mashine ya Google inaliandika yenyewe. Kila neno na mpangilio wake, ndo maana huwezi kukariri.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua neno fungua dirisha fiche (incognito, lisilotumia historia yako) kwenye simu, liandike, hesabu vitu vyote mpaka ufike kwenye tokeo la kwanza la kawaida, ujiulize mtu akishaona hayo yote ana sababu gani ya kunibonyeza mimi. Hakuna sababu? Achana nalo hata ukipewa bure. Mimi nilihamia kwenye kuelekeza watu namna ya kupima chumba kabla ya kununua vigae, jibu lisiloenea kwenye boksi la Google la huko juu, niko wa nne na watu wanaingia.

Hilo neno anayekuuzia ni lipi? Liandike hapa kwanza, usimjibu.