Mawingu Yasikufanye Uahirishe Picha za Familia

Asubuhi ya siku ya kupiga picha, mawingu yakitanda, wazazi wengi hunipigia simu wakitaka tuahirishe, nami huwaambia waje hivyo hivyo. Kazi ya kupiga picha za familia nje imenifanya niamini kwamba wingu zito huzitendea haki nyuso za watu kuliko jua kali la saa saba mchana, ambalo huwafanya watoto wakunje macho na kuwaachia watu wazima vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua.

Wingu hutawanya mwanga wa jua ukafika kutoka pande nyingi kwa pamoja, na vivuli vikalainika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mwanga huo bado hutoka juu, na macho huweza kuonekana yamezama. Waombe wainue nyuso kidogo, au wasimamishe kwenye ukingo wa baraza, mahali ambapo paa huzuia mwanga wa juu na ule wa mbele huingia machoni. Mbingu nyeupe nayo usiipe nafasi kubwa katika picha, kwa sababu kamera ikiipima hudhani mwanga ni mwingi kupita kiasi na kuzitia nyuso giza. Tafuta miti au ukuta wa kuwa nyuma yao, na ikishindikana, ongeza mwanga kwenye kamera kwa hatua moja, yaani mara mbili ya ule iliouchagua. Kwa kuwa rangi za siku kama hiyo huelekea ubuluu, mimi huchagua mpangilio wa rangi wa mawingu (Cloudy) kwenye kamera ili ngozi zisionekane zimepauka.

Upepo hauhitaji maneno mengi: wageuze watu waukabili, ili nywele zirushwe nyuma badala ya kufunika nyuso. Mkishapata picha ya kusimama kwa mpangilio, waache upepo uwachezee. Nakumbuka bibi mmoja aliyeushikilia mtandio wake kwa mkono mmoja huku mjukuu akiuvuta upande wa pili, wote wawili wakicheka mpaka macho yakafumba. Kati ya picha zote za siku ile, familia ilichagua hiyo ya kutundika ukutani.

Manyunyu ndiyo ninayoyapenda zaidi, na naona huruma kila familia inapoyakimbia. Matone huonekana vizuri mwanga ukitoka nyuma yake na mandhari yakiwa meusi. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ikiwa 1/60 ya sekunde huyafanya kuwa mistari mirefu, ilhali 1/500 huyagandisha, pamoja na maji yanayoruka mtoto anapokanyaga dimbwi kwa miguu miwili. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au zaidi bila woga, kwa maana chembechembe kidogo hazidhuru picha kama ukungu wa mtikisiko. Funika kamera kwa mfuko wa plastiki, weka kitambaa kikavu mfukoni, na waambie wazazi mapema walete taulo na nguo za kubadilisha, kwa sababu mtoto anayetetemeka kwa baridi hapaswi kulazimishwa kutabasamu.

Radi ni jambo jingine kabisa. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga wake na ngurumo, iko umbali wa takriban kilomita 10 au pungufu. Acha kazi papo hapo, wapeleke watu ndani ya jengo au gari lililofungwa, wala si chini ya mti, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.