Dada, usitume hiyo dipoziti ya kamera kabla hujajua lenzi itatoka wapi

Usitume. Na kama umeshatuma, piga simu sasa hivi uombe urudishiwe, haya mengine utasoma baadaye.

Nimeelewa swali lako. Una shilingi 280,000, uko Nakuru, unataka kupiga picha za ndege na wanyama mbugani wikendi uwauzie wenye loji na waongoza watalii, na harusi moja moja zikipatikana. Muuzaji amekuambia uchukue bodi (kamera bila lenzi) ya fulufremu, ile yenye kihisi kikubwa cha kunasa mwanga, pamoja na lenzi yake ya boksi inayouzwa nayo, ile ya milimita 28-70 (namba ikikua, lenzi inavuta mbali zaidi), halafu "lenzi ndefu utaongeza polepole". Ile supazumu uliyoitaja, kamera ambayo lenzi yake ndefu haitoki, amekuambia ni ya watalii, si ya mtu anayetafuta kazi. Na hapo juu wenzetu wawili wamemuunga mkono, mmoja anasema bodi ni uwekezaji. Maneno hayohayo ndiyo niliyouziwa mimi, na nililipia kwa mkopo wa sacco. Kwa hiyo siwezi kukaa kimya.

Mimi niko Kisumu. Nilinunua bodi ya fulufremu ya megapikseli 24 na lenzi ya boksi ya 28-70, vyote vipya. Kamera yenyewe sina neno nayo hadi leo. Nyumbani ilipiga watoto usiku kwa balbu moja ya sebuleni, picha zikatoka safi kabisa. Nikaamini nimefika. Kisha nikaenda Lake Nakuru.

Wewe ni mwenyeji wa hapo, unaijua sheria: unakaa ndani ya gari isipokuwa sehemu chache zilizoruhusiwa. Hakuna kushuka ukanyatia. Na tangu maziwa ya Bonde la Ufa yaanze kupanda, kuanzia mwaka 2010 hivi, maji yamemeza barabara za ukingoni na ile migunga ya zamani imekufa ikiwa imesimama ndani ya ziwa. Ndege wanapenda sana kukaa kwenye hiyo miti mikavu, na gari haliwezi kuwafuata.

Tai mla-samaki alikuwa ametua kwenye mmoja wa miti hiyo. Nikavuta lenzi hadi 70, mwisho wake. Kwenye skrini nikapata ziwa, mawingu, mti, na juu ya mti kitone cheupe. Nikaikuza picha. Kichwa cha tai kilikuwa miraba michache ya pikseli, jicho halipo, mdomo haupo. Dereva akaniuliza, "Umempata?" Nikasema bado. Kiti cha nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja mtalii, amelaza kifuko cha maharagwe kwenye dirisha na juu yake supazumu ya Nikon P1000, hizo mnazoziita za watalii. Akanigusa bega anionyeshe. Ile ngozi ya manjano kwenye shina la mdomo ilionekana, na chini ya kucha ulikuwepo mkia wa tilapia wenye magamba unayoweza kuhesabu.

Sasa chukua karatasi tupige hesabu, kwa sababu hii hesabu hakuna aliyenipigia dukani. Flamingo mdogo ana urefu wa karibu sentimita 90. Muweke mita 60 kutoka kwenye gari. Kwa lenzi ya 70 kwenye fulufremu, picha yako inachukua kimo cha zaidi ya mita 20 pale alipo, kama jengo la orofa sita. Ndege wako anapata pikseli 175 hivi kati ya 4,000 za kimo cha picha. Hiyo si picha ya kuuza, hata kwenye simu itaonekana ya kuokoteza. Sasa mpige flamingo huyohuyo kutoka hapohapo kwa zumu inayofika 600. Kimo cha picha ni mita 2.4 tu. Kwenye kamera ya megapikseli 20, ndege anapata pikseli 1,350 hivi. Tofauti ni karibu mara nane, na haikuletwa na ubora wa bodi. Imeletwa na masafa ya lenzi.

Yule muuzaji wangu, duka silitaji, alikuwa na muda wa kunieleza habari za kihisi kikubwa, rangi, video za 4K, mkanda wa bure na kadi ya bure. Hakuniuliza swali moja: unapiga nini, na kinakaa umbali gani nawe? Swali hilo lingenichukua sekunde kumi kulijibu na lingeniokolea mkopo mzima. Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba napiga ndege. Akaniambia bodi kwanza. Huwezi kumwambia mtu wa ndege bodi kwanza, ukiwa unaijua kazi yako, halafu ukalala. Na hao wa YouTube waliomsaidia kunishawishi, angalieni wanachopiga: uso wa rafiki kwenye mkahawa, mita mbili mbele yao. Kwa kazi hiyo wako sahihi. Kwa kifaru aliye upande wa pili wa mbuga hawana msaada kwako.

Lakini kununua bodi haikuwa hasara kubwa. Hasara kubwa ilikuwa hilo neno "polepole". Neno hilo ndilo lililonimaliza, na ndilo ninalotaka ulisikie vizuri, dadangu.

Ukishakuwa na bodi isiyofika, huwezi kutulia. Kila wikendi unakosa kitu, na kila ukikosa unatafuta njia ya mkato. Kwanza niliuziwa kile kioo cha kuskrubu mbele ya lenzi, kimeandikwa 2x. Kinapanua picha, ndiyo, lakini kingo zote zinatoka na utepe wa zambarau na katikati ni ukungu. Kisha lenzi kuukuu ya 70-300 na adapta. Hiyo fokasi yake ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena mbele, na mdiria wa Dunga, kinamasi cha hapa Kisumu, alikuwa ameshachupa majini, amepata samaki wake, ameondoka. Kisha nikaulizia telekonveta halisi, ile inayofungwa kati ya bodi na lenzi ili ivute zaidi. Fundi mmoja mwaminifu akanieleza bure kile ambacho muuzaji hakunieleza: telekonveta ya 2x inakula stopu mbili za mwanga, yaani unabaki na robo yake, lenzi ya f/5.6 inakuwa f/11 (namba ya f ikikua, mwanga unaoingia unapungua), na lenzi nyingi za boksi hazikubali kabisa kufungwa telekonveta. Vitu vyote hivyo vililipiwa, na hakuna hata kimoja kilichonipa picha ya kuuza.

Na lenzi yenyewe iliyofaa? Kwa mfumo wa Sony, lenzi ambayo watu wa ndege wanaitamani ni 200-600. Ilitoka 2019 kwa takriban dola 2,000 huko Marekani, kabla hujaweka usafiri na VAT ya hapa. Ina uzito wa zaidi ya kilo mbili bila ile pete ya tripodi. Yaani "polepole" ilikuwa bei sawa na ile bodi, au zaidi. Muuzaji alijua hivyo siku alipokuwa ananifungia boksi.

Katikati ya hayo loji moja iliniomba picha za vifaru na ndege kwa ajili ya tovuti yao. Nikatuma nilichokuwa nacho. Walijibu kwa heshima, wakachukua picha za mtu mwingine. Baadaye niliuza ile bodi wakati toleo jipya lilikuwa limeshatoka, na unajua mnunuzi anavyokuambia bei toleo jipya likishatoka. Mkopo wa sacco haukupungua pamoja na bei ya kamera. Kwa hiyo yule mwenzetu anayesema bodi ni uwekezaji, namwomba kwa upole aniambie ni uwekezaji gani huo unaoshuka bei kila kampuni ikifanya uzinduzi.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: pima umbali wa kile unachopiga, tafuta kioo, yaani lenzi, kinachofika hapo, na bei ya kioo hicho ndiyo ianze kwenye bajeti. Kama pesa haitoshi kununua lenzi na bodi siku moja, chukua kamera ambayo lenzi yake imeshafungwa ndani. Hakuna "nitaongeza". Kuongeza hakupo mpaka pesa iwe mkononi.

Ukiitumia kanuni hiyo, supazumu inaanza kuonekana kama zana ya kazi. Lakini si zote sawa, na hapa pia usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. P1000 iliyotoka 2018 inavuta mara 125, kuanzia 24 hadi sawa na 3000 kwa kipimo cha fulufremu. Canon SX70 inafika sawa na 1365. Zote mbili zina kihisi kidogo sana, milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Fulufremu ni 36 kwa 24, yaani eneo lake ni karibu mara 30. Mchana wa jua kali Nakuru hilo halikusumbui sana. Jua likianza kuzama linakusumbua, maana P1000 ikivutwa hadi mwisho iko kwenye f/8, na picha zinajaa chenga. Tena hiyo 3000 juu ya maji saa saba mchana haina faida: hewa ya moto inatetemeka na flamingo wanatoka kama wamechorwa kwa kidole. Lango linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, ingia hiyo saa.

Kwa bajeti yako mimi ningetafuta yenye kihisi cha inchi moja. Sony RX10 IV, ya 2017, inaanza 24 inafika sawa na 600, f/2.4 hadi f/4, inapiga picha 24 kwa sekunde, na uzito wote ni kilo moja na kitu. Panasonic FZ1000 ni ya zamani zaidi, 2014, inafika 400 tu, lakini kwa twiga, vifaru na mwari wanaokuja karibu na gari inatosha. Kihisi chao kina eneo la mara nne ya kile cha P1000. Na vumbi la barabara za mbugani wakati wa kiangazi unalijua. Ukiwa na kamera ya kubadilisha lenzi, kila unapoifungua ndani ya gari unakaribisha vumbi kwenye kihisi. Supazumu haifunguki.

Nisiwe mwongo, kuna mahali supazumu inashindwa. Msitu wa Kakamega ni mmojawapo. Chini ya ile miti ni giza hata saa tano asubuhi. Ukimtafuta turako mkubwa wa buluu au mbega aliye kileleni, kihisi kikubwa kinakupa picha pale ambapo kidogo kinakupa matope. Hapa Dunga ni tofauti, mtumbwi unakusogeza hadi kwenye mafunjo, na gonolek, yule ndege wa mafunjo wa kifua chekundu, akijitokeza huhitaji 3000. Ndiyo maana nasema pima umbali kwanza, na mwanga wa mahali uupime papo hapo.

Kama moyo wako umekataa kabisa na unataka mirolesi, kamera ya kisasa ya kubadilisha lenzi, basi iwe ile ambayo bodi na lenzi ndefu vinaingia kwenye pesa yako kwa pamoja. Canon R10, ya 2022, na lenzi ya RF 100-400. Kihisi chake ni kidogo kuliko fulufremu, kwa hiyo hiyo 400 inaona kama 640, na lenzi ina gramu 635 tu. Vilipotoka, vyote viwili Marekani vilikuwa takriban dola 1,630. Uliza bei ya hapa, ya vyote viwili, kwa risiti moja. Wakikuambia lenzi haipo, itakuja mwezi ujao, ondoka.

Kwa harusi, kodi kamera. Kanisani ndani bila flashi supazumu itakuangusha, lakini harusi unaijua tarehe yake miezi kabla, unaweza kukodi bodi na lenzi kwa siku hiyo na gharama ukaiweka kwenye bei ya mteja. Chui haweki miadi.

Ukipata RX10 ya mkono wa pili, usiridhike na kuiona inawaka. Vuta zumu hadi mwisho na uirudishe mara kadhaa, sikiliza kama inakwaruza au inakwama njiani. Kisha weka f/11, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga tupu, piga ikiwa 24 na upige tena ikiwa imevutwa. Lenzi ya kamera hizi haitoki, kwa hiyo vumbi lililoingia ndani halipanguswi nyumbani, ni la fundi wa kuifungua yote. Ukiona madoa yaleyale mahali palepale kwenye picha zote mbili, mrudishie kamera yake uende duka linalofuata.