Ami alisema kodi ni hiari, nami nikamwamini

Bahasha ilikuwa nyeupe, nene kiasi, ina kidirisha cha plastiki na jina langu kwa herufi kubwa tupu. Ilikuwa Februari 2025, hapa Dallas, Texas, nimetoka kazini, na niliichana palepale kwenye masanduku ya barua huku nimeshika funguo kwa meno. Ukurasa wa kwanza una alama ya CP2000. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, walikuwa wanasema mwaka 2023 nilipata dola 11,340 ambazo hazimo kwenye ritani yangu (fomu ya kodi ya kila mwaka), na kwa hesabu yao nadaiwa dola 2,867, riba bado.

Hela hizo nilizijua. Nilizipata jioni, nikisambaza chakula kwa gari langu baada ya kutoka ghalani. Wala sikuzisahau. Niliziacha makusudi, kwa sababu Ami alikuwa amenihakikishia kwamba Marekani kodi ya mapato ni hiari.

Ami si ami yangu wa damu. Ni mzee wa Mombasa, na pale ghalani Waswahili wote tulimwita hivyo. Alikuwa na faili la fotokopi zilizochakaa pembe, na wakati wa mapumziko alilifungua mezani katikati ya chupa za soda. "Mwanangu, soma hapa mwenyewe. Mahakama ya Juu yao wenyewe inasema ni kwa hiari. Sasa wewe unatishwa na nini?" Nikasoma. Kweli neno lilikuwepo, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mimi mtu wa Tanga, sina hata miaka minne Marekani, ningebishana vipi na karatasi ya mahakama?

Baada ya barua nilikaa na ile karatasi vizuri. Inatoka kwenye kesi ya mlipakodi mmoja, Flora, ya mwaka 1960, na ni kweli majaji waliandika kwamba mfumo wa kodi wa Marekani unategemea mtu kujikadiria na kulipa mwenyewe. Maana yake ni kwamba hawatumi mtu mlangoni kukufanyia hesabu: wewe ndiye unayeandika kipato chako, unapiga hesabu, unatia sahihi. Hiari ni ya namna ya kuhesabu, kulipa ni lazima. Na kitu ambacho fotokopi ya Ami haikuwa nacho ni mwisho wa kesi. Flora alishindwa. Mahakama ilisema anayetaka kuishtaki serikali ya Washington imrudishie kodi aliyotozwa, kwanza ailipe yote.

Zipo hoja nyingine, na Ami alikuwa nazo zote. Moja inasema Marekebisho ya 16 ya Katiba, yale ya 1913 yaliyolipa Bunge nguvu ya kutoza kodi ya mapato, ni batili kwa kuwa Ohio ilikuwa bado haijawa jimbo rasmi. Chanzo chake ni kwamba mwaka 1953 Bunge lilipitisha azimio la kuithibitisha Ohio, likihesabu tangu 1803. Nakiri hoja hii niliipenda, ina utamu wa hadithi. Mahakama zimeitupa. Na ukiipeleka ndani ya ritani yako, sheria inaruhusu kukutoza faini ya dola 5,000 kwa kuleta hoja za upuuzi, mbali na kodi yenyewe.

Sheria haijajificha. Kifungu cha 1 cha sheria ya kodi kinatoza, cha 61 kinasema kipato ni kipi, cha 6012 kinasema nani apeleke ritani, cha 6151 kinasema lipa. Asiyepeleka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja kwa kila mwaka aliouacha. Mwigizaji Wesley Snipes alipatikana na hatia mwaka 2008 kwa miaka mitatu ya namna hiyo, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Kuna pia rubani mmoja, Cheek. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1991, nayo ikakubali kwamba mtu asiyeielewa sheria kwa dhati hajakusudia kosa. Watu wa fotokopi huishia hapo kwa furaha. Alirudishwa kusikilizwa upya, na baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani tena.

Lakini nisijitwishe upumbavu wote. Kuna kitu cha kweli kilichonichanganya, na nadhani kinawachanganya wengi. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Unafika, unasikia "hapa hakuna income tax", unaona binamu yako aliye Minnesota anakatwa mara mbili nawe mara moja, unajiona umepona. Kilichokosekana ni ya jimbo tu. Ya Washington iko palepale, Texas, Florida au Tennessee.

La pili ni tofauti ya makaratasi mawili. Ghalani nilikuwa wa W-2: mwajiri anakata kila malipo na kupeleka. Kazi ya jioni ilinipa 1099, ambako hakuna anayekata chochote. Hela inaingia nzima, unaiona yako yote. Kumbe hapo wewe ni mfanyabiashara, na juu ya kodi ya kawaida unalipa asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, mifuko ya pensheni na matibabu ya uzeeni, kwa sababu umebeba fungu la mwajiri na la mwajiriwa pamoja. Kipato cha kujiajiri kikifika dola 400 baada ya gharama, lazima upeleke ritani, hata kama kwa kipimo cha kawaida (kwa asiye na ndoa mwaka 2023 kilikuwa dola 13,850) kipato chako ni kidogo mno. Na ile 1099 hawakukupa wewe peke yako. Nakala ilikwenda IRS. Kompyuta yao ililinganisha karatasi mbili, basi. Hakuna aliyenichunguza wala kuniwinda.

Sasa nilichofanya. Barua ilinipa siku 30 kujibu. Jumamosi nilikwenda maktaba ya mtaani, ambako watu wa kujitolea wa VITA, mpango wa msaada wa kodi, wanasaidia bure wenye kipato kidogo. Alinipokea mama mmoja mzee, miwani imening'inia kwa uzi. Aliisoma barua hadi mwisho, kitu ambacho mimi sikuwa nimefanya, akauliza: "Uliendesha maili ngapi?"

Sikuwa na daftari. Nilikuwa na historia ya safari kwenye programu ya simu, na risiti nne za kubadilisha oili zilizotupwa kwenye droo ya gari. Kila risiti ina tarehe na namba ya maili. Yule mama alizipanga mezani kama karata, akajumlisha safari za kazi: maili 9,000. Mwaka 2023 kila maili ilikuwa inapunguza senti 65.5, kwa hiyo dola 5,895 zilitoka kwenye mapato. IRS walikuwa wamehesabu 11,340 yote kama faida, maana gharama zangu hawazijui. Tukajaza Schedule C, fomu ya mapato na gharama za aliyejiajiri, tukaambatanisha nakala, nikatuma. Deni lilishuka hadi dola 1,250 hivi, nikaomba kulipa kidogokidogo kwa mwezi. Tangu hapo naandika maili kila siku, na robo ya kila malipo ya jioni naihamishia akaunti ya pembeni nisiyoigusa.

Ungekuwa mdogo wangu ningekushika mkono kwa jambo moja: kupeleka ritani na kulipa ni mambo mawili. Watu wanajificha Aprili 15, siku ya mwisho ya kupeleka, kwa sababu hawana hela. Kosa kubwa. Anayedaiwa dola 2,000 asipopeleka ritani, adhabu ni asilimia 5 kwa mwezi, yaani dola 100, hadi ifike asilimia 25. Akipeleka bila kulipa ni nusu asilimia, dola 10 kwa mwezi, pamoja na riba. Peleka ukiwa mikono mitupu. Na kwa mwaka ambao hukupeleka, muda wa kukudai haukwishi. Lakini kama wao ndio walikuwa na hela yako ya rifandi, yaani kodi uliyolipa zaidi, baada ya miaka mitatu imepotea.

Mama yako aliye nyumbani hawezi kuwa tegemezi kwenye ritani yako, hata umtumie mia tatu kila mwezi, kama si raia wa Marekani wala mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico. Niliwahi kumwona mtayarishaji mmoja wa ritani akiwaandika wazazi wa watu kwa wingi ili rifandi inenepe, naye anachukua asilimia yake. Asiyetaka kutia sahihi kwenye ritani aliyoijaza, mkimbie. Barua ya kudaiwa itakujia wewe. Na siku ya kuomba uraia, fomu ya N-400 inauliza kuhusu kodi, nawe unajibu chini ya kiapo.

Ami nilimwonyesha barua ya IRS pamoja na jibu nililotuma. Alivaa miwani, akasoma, akageuza ukurasa, akarudi wa kwanza. Faili lake lilikuwa chini ya kiti, hakuligusa. Mwisho akanirudishia karatasi.

"Hiyo maktaba," akauliza, "Jumamosi wanafungua saa ngapi? Na mtu akiwa na makaratasi ya miaka mingi, huyo mama anapokea?"