Gari ikigoma kuwaka ikiwa ya moto, usikimbilie kununua pampu

Pale pantoni ya Magogoni ukishapaki unazima injini, mnavuka, mlango ukishuka upande wa Kigamboni kila mtu anawasha anatoka. Siku ile mimi nikapiga stata, inazunguka vizuri tu, betri iko poa, ila gari haiwaki, nyuma yangu bajaji na Noah zinapiga honi, jua la saa saba mchana, vijana wa pantoni ikabidi wanisukume mpaka nje nikapaki chini ya mti. Dakika kama ishirini na tano baadae nikapiga stata mara moja tu, ikawaka kama haijawahi kuumwa.

Gari yenyewe ni Toyota Celica GT-Four, ile ST185 yenye injini ya 3S-GTE, lita mbili na turbo. Kwa wadogo zetu ambao hawajaikuta, hii ndo Celica iliyokuwa inachukua Safari Rally hapo jirani Kenya, Carlos Sainz 1992, Juha Kankkunen 1993, Ian Duncan ambae ni Mkenya 1994, Yoshio Fujimoto 1995. Naipenda hii gari kupita maelezo ndo maana sikukubali kuiuza, ingawa kwa miezi mitano ilikuwa inanifanyia hivyo hivyo, asubuhi inawaka, barabarani inakimbia vizuri, ila ukiizima kwa dakika kumi ikiwa ya moto, mfano umeingia sheli Mwenge au umeshuka kununua maji, basi imeisha, subiri ipoe.

Ndani ya hiyo miezi mitano nilibadilisha pampu ya mafuta, plagi, filta na rilei. Fundi mmoja aliniambia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa nitafute nyingine, mwingine akaleta mashine ya kupimia akakuta hata soketi ya kuichomeka hamna, maana gari za miaka ile hazina OBD2, ule mfumo wa kuchomeka mashine isome matatizo ya gari. Hela imeenda na ugonjwa upo palepale. Sasa ninachotaka kukwambia wewe mwenye Celica, MR2, Supra au Toyota yoyote ya kizazi hicho ni kwamba huu ugonjwa unapimwa wakati gari inaumwa, ikiwa ya moto na imegoma, sio asubuhi gereji ikiwa imepoa maana hapo kila kitu kitaonekana kizima. Mafundi wangu wote walikuwa wanaipima ikiwa imepona.

Kwanza elewa kinachotokea. Ukizima injini maji yanaacha kuzunguka, lakini turbo na manifoldi ya moshi bado vinawaka moto, boneti imefungwa, hewa haipiti, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo baada ya kuzima joto kwenye reli ya mafuta (bomba linalogawa petroli) na nozeli (zinazopulizia petroli kwenye injini) linapanda kuliko ulipokuwa unatembea. Na Dar hii ya Januari, nje tu ni nyuzi 32, umetoka kwenye foleni ya Ubungo, hapo ndani sijui niseme nini. Petroli ikipata joto hilo huku presha imeshuka inaanza kugeuka mvuke, na mvuke haupiti kwenye nozeli kama petroli. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, gari nyingi za siku hizi ukiweka swichi on unasikia pampu inalia sekunde mbili kule nyuma, hizi Toyota za zamani hapana, pampu inaanza kufanya kazi pale unapopiga stata. Maana yake presha iliyobaki kwenye reli toka ulipozima ndo unayoitegemea, ikivuja umekwisha.

Kwa hiyo gari ikigoma ikiwa ya moto jiulize swali moja tu, imekosa mafuta au imezidiwa mafuta? Matibabu yake ni tofauti kabisa.

Namna ya kujua ukiwa hapohapo barabarani ni hii. Kanyaga mafuta mpaka chini ukiwa unapiga stata, usipampu, shikilia tu. Ikiwaka kwa kukohoa, ikatoa moshi mweusi na harufu ya petroli, ilikuwa imezidiwa, umeipa hewa ndo ikapona. Isipowaka, fungua kile kiboksi cha plastiki kwenye injini kilichoandikwa DIAGNOSTIC, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, weka swichi on, pampu itazunguka bila stata, iache sekunde kumi, toa waya, halafu washa. Ikiwaka kirahisi basi ilikuwa imekosa presha. Ikigoma kote kuwili angalia moto wa plagi, kwa sababu injini hii ina distributa, kile kinachogawa moto kwa kila plagi, na koili, ignita au pikapu (sensa iliyo ndani ya distributa) ikizeeka inaweza kukata moto ikipata joto na kurudi ikipoa, dalili zake ukiwa hujapima zinafanana kabisa na za mafuta.

Yangu iliwaka kwa kukanyaga mafuta mpaka chini, moshi mweusi mpaka jamaa wa bodaboda akahama. Kumbe muda wote nilikuwa nahangaika na pampu wakati injini inazama kwenye petroli.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, fundi wa siku nyingi, hana mashine yoyote ya maana zaidi ya mita na geji ya presha. Nikamwambia shikamoo mzee, hii gari inagoma ikiwa ya moto, akasema marahaba, basi nenda kaizungushe nusu saa uje nayo ikiwa hivyohivyo. Hapo nikajua nimefika.

Tukafunga geji. Hose ya vakyumu ya regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ikiwa imechomolewa ilisoma psi 36, ambayo kwa injini hii ni nzuri. Tukazima. Kitabu cha Toyota kinataka baada ya dakika tano ibaki angalau 21, yangu ndani ya dakika mbili ilishashuka chini ya 10. Mzee akajaza presha tena akabana hose ya kurudisha mafuta kwenye tenki, ikashuka vilevile, kwa hiyo sio regyuleta inayorudisha. Akabana hose inayotoka kwenye tenki, ikashuka vilevile, sio vavu ya pampu, na hapo pampu niliyonunua laki tatu na nusu niliitazama kwa uchungu. Kote kumebanwa na presha bado inakwenda, basi inatokea kwenye nozeli. Angalizo, bana hose za mpira tu na zilizo nzima, na kizima moto kiwe mkononi, petroli yenye presha juu ya turbo ya moto haitanii.

Tukafungua plagi ikiwa bado ya moto. Zote nne zimelowa. Mimi nikasema nozeli zote nne zinavuja, nikaanza kupiga hesabu za seti nzima. Mzee akanishika bega, "Mwanangu, nne zote zimelowa sawasawa? Basi usimtafute mwizi chumba kwa chumba, huyu anapita sebuleni."

Na hiyo ndo pointi kubwa ya andiko hili. Nozeli moja ikivuja utakuta plagi moja imelowa, mbili zikivuja mbili. Zikilowa zote kwa usawa tafuta kitu kinachomwaga kwa wote. Vipo vitatu. Cha kwanza sensa ya joto la maji, ikidanganya kwamba injini ni ya baridi kontrol boksi inamwaga mafuta kwa wote, hiyo unapima kwa mita, ikiwa nyuzi 20 inatakiwa omu elfu mbili mpaka tatu, ikiwa 80 iwe kati ya omu 200 na 400, yangu ilisoma 310 ikiwa ya moto, nzima. Waya wake ukikatika unapata namba ya kosa 22 kwa kuunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi kilekile cha DIAGNOSTIC na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa. Cha pili daiframu ya regyuleta ikitoboka, petroli inanyonywa kupitia hose ya vakyumu, chomoa hiyo hose unuse, yangu kavu kabisa. Cha tatu ni nozeli ya tano.

Ndio, ya tano. Hizi injini zina nozeli ya ziada imefungwa kwenye manifoldi ya hewa, kazi yake kumwaga mafuta ya kuwashia injini kukiwa na baridi, baridi ya Japani huko. Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza kuhusu hiyo, wote walikuwa wanahesabu nne. Mzee akafungua bolti zake mbili, akaitoa ikiwa bado imeungwa na mpira wake wa mafuta, akaielekeza kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro, tukaendesha pampu kwa ule waya wa FP. Kitabu kinaruhusu tone moja kwa dakika. Yangu ilikuwa inachuruzika.

Zile nozeli nne za kawaida tulizitoa pia, kazi ya siku nzima maana zimejificha nyuma ya injini chini ya manifoldi ya hewa, zikasafishwa kwenye mashine na zikapewa oringi mpya, za zamani zilikuwa ngumu kama plastiki. Ukizipima hizi za turbo mita itasoma kati ya omu 2 na 4 tu, ndo maana zina boksi la rizista, kwa hiyo asikudanganye mtu aziunge moja kwa moja kwenye betri kuzijaribu, ataziunguza.

Ile ya tano nilikosa nzima, tukaiziba, kibati na gasketi kwenye manifoldi na bolti ya kuziba kwenye reli. Kwa Dar inawaka asubuhi bila shida. Ukiwa Njombe au Makete usinifuate kwa hili, tafuta nzima.

Kabla ya kuwasha tuliendesha pampu dakika mbili na tochi, tukipitisha kidole kila kiungo, kimoja kilikuwa na unyevu tukakikaza. Halafu nikaizungusha mpaka Tegeta na kurudi, tukazima, tukakaa na geji kwenye benchi. Baada ya dakika tano psi 30, nusu saa psi 26. Mzee akafunga boneti akaniambia washa.