Swali na jibu: PostgreSQL kwenye NetBSD yadai nafasi imeisha, na diski ni tupu

SWALI: Mtaalamu, salaam kutoka Mtwara mjini. Ofisi ya chama chetu cha ushirika ina seva ya zamani ya Sun yenye prosesa ya UltraSPARC. Nimeipakia mfumo endeshi wa NetBSD 10, nikakompaili programu ya hifadhidata ya PostgreSQL 16 kutoka msimbo chanzo ili itunze kumbukumbu za stakabadhi za korosho. Iliwaka vizuri. Nilipopandisha `max_connections` (idadi ya miunganisho inayoruhusiwa kwa pamoja) kutoka 20 hadi 100 ikagoma: `could not create semaphores: No space left on device`. Diski ina nafasi tele, na nimefuta mafaili mengi bila mafanikio. Pia, data yetu ya sasa iko kwenye kompyuta mpakato ya Linux. Naweza kunakili folda ya data ilivyo?

JIBU: Ndugu yangu, acha kufuta mafaili, diski yako haina kosa. Fungua logi tena usome hadi mwisho: chini ya mstari huo kuna `HINT` inayosema wazi kwamba kosa hili halimaanishi diski imejaa. Kilichoisha ni semafori, yaani vihesabio ambavyo kerneli (kiini cha mfumo endeshi) huzigawia programu ili michakato yake isubiriane kwa zamu. Kerneli inapokosa semafori za kugawa hurudisha namba ileile ya kosa inayotumika diski ikijaa, ndiyo maana maneno yanafanana.

Hesabu yake ni hii. Kila muunganisho unahitaji semafori moja. PostgreSQL 16 ikiwa na mipangilio yake ya kawaida huongeza 27 kwa kazi zake za ndani. Inaziomba kwa mafungu ya 17: 16 za kutumika na moja ya alama, ili itambue fungu ni lake. NetBSD kwa kawaida inaruhusu mafungu 10 na semafori 60 tu kwa mfumo mzima. Kwa miunganisho 20 unahitaji 47, yaani mafungu 3, jumla 51: zinatosha. Kwa 100 unahitaji 127, mafungu 8, jumla 136. Hapo umevuka mara mbili ya kilichopo. Ile 20 uliyoikuta haikuja kwa bahati: `initdb`, programu inayotayarisha folda ya data mara ya kwanza, ilianza kujaribu 100, ikashuka hatua kwa hatua mpaka ikapata idadi ambayo kerneli inaikubali.

Ongeza viwango ukiwa root:

`sysctl -w kern.ipc.semmni=64`
`sysctl -w kern.ipc.semmns=1024`

Kisha andika `kern.ipc.semmni=64` na `kern.ipc.semmns=1024` ndani ya `/etc/sysctl.conf`, la sivyo umeme ukikatika na mashine ikiwaka upya tatizo litarudi. Hakiki kwa `ipcs -S`. Ukiona maelekezo ya zamani yanayokutaka ukompaili kerneli upya ili kuongeza kumbukumbu ya pamoja, yaache: tangu toleo la 9.3 PostgreSQL hutumia `mmap`, njia nyingine ya kuomba kumbukumbu, kwa sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo.

Hata hivyo, jiulize kama unazihitaji 100. Kila muunganisho ni mchakato kamili unaokula RAM, na mashine ya umri huo haina RAM ya kuchezea. Kwa makarani wachache na programu moja ya stakabadhi, 40 zinatosha: 67 kwa jumla, mafungu 5, semafori 85.

Jambo jingine: usiizime seva kwa `kill -9`. Mafungu hubaki kwenye kerneli bila mwenyewe na kuendelea kuhesabiwa. Yakibaki, yaangalie kwa `ipcs -s` na uyaondoe kwa `ipcrm -s` pamoja na namba yake, baada ya kuhakikisha hakuna mchakato wa postgres unaoendelea.

Kuhusu kukompaili, hukutaja kama ulifanya majaribio. Usiyaruke, hasa kwenye SPARC ambayo watu wachache wanaitumia. Tumia `gmake`, kwa sababu `make` ya NetBSD haielewi Makefile hizi, na usiwe root:

`gmake MAX_CONNECTIONS=10 check`

Bila kikomo hicho majaribio hufungua miunganisho hadi 20 kwa pamoja. Jaribio likifeli, soma `src/test/regress/regression.diffs`. Kama uliunganisha maktaba za pkgsrc (mkusanyiko wa programu za ziada za NetBSD), ongeza `LDFLAGS="-Wl,-R/usr/pkg/lib"` wakati wa `configure`. Ukisahau, kukompaili kutapita lakini programu itakataa kuwaka ikidai `Shared object ... not found`, kwa kuwa NetBSD haitafuti ndani ya `/usr/pkg/lib` yenyewe. Kama huna ICU (maktaba ya kushughulikia herufi na lugha), weka `--without-icu`.

Folda ya data usiinakili kabisa. Kompyuta mpakato za kawaida huandika baiti yenye thamani ndogo ya namba kwanza, SPARC huandika yenye thamani kubwa kwanza, na mafaili ya PostgreSQL yanafuata mpangilio wa mashine. Seva itakuambia `This could be a problem of mismatched byte ordering` na kukataa. Kwenye Linux toa nakala:

`pg_dump -Fc ushirika > ushirika.dump`
`pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql`

Kwenye NetBSD ingiza watumiaji kwanza kwa `psql -f watumiaji.sql postgres`, halafu:

`createdb -T template0 -E UTF8 --locale=C ushirika`
`pg_restore -d ushirika ushirika.dump`

Badala ya `ushirika` weka jina halisi la hifadhidata yako. Toleo la Linux lisiwe jipya kuliko 16, kwani `pg_restore` ya zamani inaweza kushindwa kusoma nakala ya toleo jipya.

Mwisho, umeme. Wapo watakaokushauri uzime `fsync`, mpangilio unaolazimisha data iandikwe diskini, ili seva iende kasi. Usikubali: umeme ukikatika katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika yote, na hizo ni stakabadhi za mazao ya watu. Angalia pia akiba ya kuandika ya diski (hapa inaitwa `sd0`) kwa `dkctl sd0 getcache`. Ikiwa imewashwa na huna UPS, izime kwa `dkctl sd0 setcache r`. Kuandika kutapungua kasi, lakini PostgreSQL ikisema imehifadhi, data itakuwa kweli imefika kwenye diski.