Kijiti cha koili ya redio kikikatika, usikimbilie gundi yoyote tu

Redio ya babu ilianguka toka juu ya kabati, mtoto alivuta waya wa chaja ya simu uliopita chini yake ikaja nayo mpaka sakafuni. Ni ile National ya zamani yenye mfuko wa ngozi wa matundu matundu, babu huwa anaiweka pembeni ya mto usiku kucha maana usiku ndo MW (bendi ya mawimbi ya kati) inaamka, mawimbi yanasafiri mbali zaidi na anashika steshoni ambazo mchana hazisikiki kabisa. Sasa baada ya kuanguka SW (mawimbi mafupi) bado ilikuwa inaongea kwa ile antena ya kuvuta ila MW ni mngurumo mtupu. Nikatoa betri, nikafungua, nikakuta kile kijiti cheusi kimekatika vipande viwili na koili, yaani ule waya uliozungushwa juu yake, inaning'inia.

Kile kijiti kinaitwa feraiti na watu wengi wanadhani ni chuma. Si chuma kama msumari, ni unga wa oksidi ya chuma na madini mengine uliochomwa kwenye tanuri kama kigae, ndo maana hakipindi, kinavunjika tu kama kikombe. Na kazi yake si kushikilia koili peke yake, chenyewe ndo kinachokusanya mawimbi ya MW na kuyapitisha katikati ya koili. Kwa iyo ukikiunga, gundi yako inakaa katikati ya njia ya mawimbi, na gundi haipitishi kama feraiti inavyopitisha. Ikiwa nene inakuwa kama pengo. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanatafuta gundi yenye nguvu kuliko zote wakati kinachotakiwa kwanza ni gundi nyembamba.

Mi nilianza na epoksi, ile ya mirija miwili unayochanganya nusu kwa nusu. Ni gundi nzuri sana lakini nzito, na sikubana vizuri, kikabaki kitu kama unene wa kadi ya simu kati ya vipande. Redio ikaongea, nikafurahi, ila babu akasema steshoni za chini hazina nguvu. Alikuwa sahihi. Namba kwenye skeli zilikuwa palepale kwa sababu hizo zinaamuliwa na koili nyingine ndogo iliyo ndani ya kikopo cha bati, lakini hii ya kwenye kijiti ilikuwa haiendi nayo sambamba tena, kwa iyo karibu na 600 (kilohezi, upande wa chini wa skeli) sauti ilififia sana.

Nikachomoa koili, nikaweka kijiti kwenye maji ya baridi nikayachemsha nacho taratibu (usikitumbukize kwenye maji ya moto ghafla, kitapasuka), epoksi ikalegea, nikakwangua kwa wembe na kufuta kwa spiriti mpaka nyuso zikawa safi.

Mara ya pili nikatumia supa gluu ya maji maji, ile nyepesi, si ya jeli. Kwanza jaribisha vipande vikiwa vikavu, vikae mpaka ule mstari wa mpasuko usiuone vizuri, maana vilivyovunjika vizuri vinaingiliana vyenyewe. Nililaza vipande kwenye mwanzi nilioupasua katikati ili vinyooke, tone moja upande mmoja tu, nikakandamiza kwa nguvu dakika nzima bila kutikisa. Halafu nilikiacha kijiti nje ya redio mpaka kesho yake, ule mvuke wa supa gluu unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki na sitaki uingie kwenye kitufe cha sauti.

Supa gluu ina udhaifu wake, haipendi kugongwa. Kwa iyo juu ya kiungo nilizungusha karatasi mizunguko miwili na kuipaka epoksi kwa nje, hapo sasa unene hauna shida kwa sababu haiko katikati ya mpasuko. Ila iwe epoksi ya kawaida, ile ya kijivu yenye unga wa chuma kaa nayo mbali, na usizungushe waya wala karatasi ya foili kukaza, ukifunga duara la chuma pale linakula mawimbi yote.

Silikoni ya mafundi alumini nayo watu wanaipenda. Inuse kwanza. Ikinuka siki basi ina asidi, na sisi tunaoishi pwani na huu unyevu, shaba ya koili itaota kijani haraka sana. Gundi ya viatu inabaki kama mpira, kijiti kinacheza. Gundi nyeupe ya mbao inavuta unyevu.

Na waya wenyewe uangalie kwa makini, pima kwa multimita, koili nzima inasoma omu chache tu. Huo waya unaonekana mmoja lakini ndani ni nyuzi nyembamba kama nywele, kila uzi una vanishi yake. Ukikatika hakuna gundi itakayouunga, ni kulehemu, na lazima uhesabu nyuzi zote zimeshika risasi, ukiacha hata mbili tatu nje nguvu ya koili inashuka. Nilikwangua vanishi kwa msasa laini kabisa huku nimewasha tochi ya simu, kazi ya kama saa nzima.

Koili usiigundishe kwenye kijiti, nakuomba sana. Iliachwa iteleze makusudi. Rudisha kila kitu, washa, tafuta steshoni hafifu upande wa chini wa bendi, sogeza koili kidogo kidogo kwa kidole mpaka sauti iwe kubwa kuliko zote, halafu dondoshea nta ya nyuki au ya mshumaa pale pale. Nta inatosha, na siku ukitaka kusogeza tena unaipasha tu.

Usiku ule babu alizungusha skeli kutoka mwisho hadi mwanzo bila kusema kitu, alipofika chini karibu na 600 akasimama, akaongeza sauti, akaniambia nizime taa nikalale.