Mbwa wa Bruegel na njaa ya msasi

Swali lenu la wiki hii, kama mbwa katika picha za mashambani ni ishara ya uaminifu, limenigusa sana, kwa sababu kabla ya kuuliza mbwa anaashiria nini ingefaa tuulize ni mbwa wa nani na ana kazi gani pale.

Tazameni picha ya Bwana na Bibi Andrews, iliyochorwa na Thomas Gainsborough kwenye mwaka 1750 hivi na kuhifadhiwa National Gallery, London. Bwana amekumbatia bunduki kwapani, mashamba yake yametanda pembeni, na mbwa amemwinulia kichwa. Wengi husifu uaminifu hapo. Mimi naona mbwa amehesabiwa pamoja na ngano na kondoo.

Marehemu babu yangu mzaa mama, aliyekuwa msasi huko Iringa, hakuwahi kuingia jumba la sanaa. Sebuleni kwake ilitundikwa kalenda kuukuu yenye picha iliyochorwa na Pieter Bruegel mwaka 1565, ile ya wawindaji katika theluji, ambayo yenyewe iko Vienna. Mgeni mmoja aliisifu kwa milima yake, ndege wake na watu wanaoteleza juu ya barafu. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole juu ya mbwa, mmoja baada ya mwingine, vichwa chini na mikia imelegea. "Hawa wamerudi bure," alisema. Mgeni akamwonyesha mbweha anayening'inia kwenye mkuki wa mwindaji. "Huyo ni ngozi tu. Nani atakula nyama yake? Wanaume watatu na kundi lote hili watalala na nini?" Husemwa kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia; lakini kwa macho ya babu, hata njaa ya msasi ilisomeka kwa mbwa wake.

Nilikusudia kuwajibu hapana. Lakini mbwa hao, ambao mabwana zao hawana hata kipande cha nyama cha kuwapa, bado wanawafuata kisiginoni, na hapo siwezi kuukana uaminifu. Basi jibu langu ni ndiyo kwa Bruegel, si kwa Gainsborough, tena kwa tahadhari, kwa kuwa upande wa kushoto kuna moto mbele ya nyumba ya wageni, na mbwa mwenye njaa huenda anafuata moto kuliko mtu.